Mtama Uliomngoja Skola

Kama mwanao amelala mbele yako, midomo imekauka mpaka inapasuka, anakuomba kijiko kimoja cha maji na umekatazwa kumpa, basi haya nayaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari. Ni fundi seremala wa Mugoma, wilaya ya Ngara, kazi yangu milango na vitanda, na ukiona nimeshika kalamu ujue kuna mtu kanisumbua. Aliyenisumbua ni muuguzi mmoja wa Mwanza, aliyesema wazazi wanaokuja nyuma yetu hawana wa kumuuliza. Sisi pia hatukuwa naye.

Binti yangu anaitwa Skolastika, nyumbani tunamwita Skola. Figo zake zilikufa akiwa darasa la pili. Safari ya India sitaisimulia, maana hapa kijijini imeshasimuliwa sana, hata na watu ambao hawajawahi kufika Biharamulo. Kwa rufaa ya serikali na michango ya parokia tulikwenda, nikatoa figo yangu moja, akapandikizwa, tukarudi wakati wa mvua, mimi na kovu langu ubavuni, yeye na lake tumboni. Ilikuwa miaka ile Warundi walipoanza kumiminika tena kuvuka mpaka. Kwetu watu hutaja miaka kwa wakimbizi: wale wa zamani, wale wa Rwanda, na hawa wa mwisho. Wazazi wa mke wangu, Goreti, walikuja na wale wa zamani, naye akazaliwa huku. Hilo likumbuke, litarudi.

Dawa za kuilinda figo zilimvimbisha Skola mashavu na kumpa njaa isiyoisha. Alikula asubuhi, akala akitoka shule, akala tena jioni, na majirani wakasema huyu kapona kabisa, tazama alivyonona. Walimcheka kidogo kwa barakoa aliyovaa, lakini mashavu yale waliyaheshimu. Aliyefurahi kuliko wote ni mama yangu, tunayeishi naye boma moja. Kwa mama yangu mtoto anayekula ni mtoto mzima, hakuna kipimo kingine. Nami nilifurahi, nisijifanye mjuaji. Nilimwangalia akila maharage yangu kwa nguvu ya figo yangu nikaona kazi imekwisha.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja la kwetu, la sivyo hamtaelewa kilichotokea. Mtama ukivunwa, hakuna anayeula hivihivi. Kuna kuganura, yaani kuonja mavuno mapya. Mama husonga ugali wa mtama mpya, huumega matonge, akampa kila mtu wa boma tonge lake kwa mkono wake, kuanzia mkubwa hadi mtoto wa mwisho. Aliye mbali hupelekewa tonge lake kwanza, na walio nyumbani hungoja mpelekaji arudi aseme amekula. Ndipo kihenge cha mtama hufunguliwa. Anayerukwa ni marehemu tu. Mwaka alipofariki baba, mama alipita mahali pake mkono mtupu, na hapo ndipo mimi nilipolia, wala si kaburini.

Skola aliugua wiki tuliyokata mtama. Alitoka shule akaweka begi chini, akasema hataki kula. Mtoto yule kukataa chakula kulinishtua kuliko angekuja na homa. Jioni akaanza kutapika, akashika tumbo juu ya kitovu, akasema maumivu yanatokea hadi mgongoni. Usingizi hakuupata. Akilala chali analia, akilala ubavu analia. Mwishowe akapiga magoti kitandani, akainama, paji la uso kwenye mto, akatulia kidogo. Mama yangu aliingia akamkuta hivyo, akadhani anasali, naye akapiga magoti pembeni yake. Mwanao akikaa hivyo, usingoje kuche. Ndilo pozi la ugonjwa huu, na hakuna aliyetuambia.

Zahanati walituambia malaria. Tukampa dawa ya malaria, akaitapika. Lakini hofu yangu haikuwa malaria, ilikuwa vidonge vya figo. India walitukariria kwamba asipovimeza, mwili utaikataa figo. Nikawa nampa kidonge, anatapika, nami nachokoa matapishi kwa kijiti nione kama kimetoka kizima ili nimpe kingine. Mama yangu anamlazimisha uji ili apate nguvu ya kumeza. Uji unarudi, kidonge kinarudi, Skola anatuomba msamaha. Hicho ndicho kilichonivunja moyo, mtoto kuomba msamaha kwa kutapika.

Hospitali ya Ngara mjini siku tuliyompeleka ilifurika. Malori yalikuwa yameleta watu kutoka kituo cha kupokelea wakimbizi, watoto wanakohoa, wengine wana homa, mabenchi yamejaa mpaka veranda. Sisi tulikatazwa kumweka Skola kwenye msongamano kwa sababu dawa zake zinapunguza kinga ya mwili. Utamwambia nani hayo mahali pale? Goreti alimwambia kwa Kirundi mama mmoja mkimbizi aliyekaa dirishani na mtoto mgongoni. Yule mama hakuuliza swali. Alisimama akatupa nafasi yake penye hewa, kisha akageuka akatukinga kwa mgongo wake, watu wasitusogelee. Alisimama vile mpaka tulipoitwa. Jina lake hatukuliuliza na linaniuma mpaka leo.

Daktari alipima damu, akapiga simu Mwanza, akarudi uso umebadilika. Akasema kongosho limewaka. Mimi kongosho nililijua kwa kuku na ng'ombe, na hata huko silijui vizuri. Ilibidi nimtafsirie mama, aliyekuja nasi, kwa Kihangaza chetu, nikamwambia kuna kiungo kimejificha nyuma ya tumbo, kazi yake kusaga chakula, sasa kimekosea kinajisaga chenyewe. Dawa yake ya kwanza ni njaa. Asile, asinywe, kisipate kazi. Mama alinitazama kama niliyelewa pombe. Akasema mtoto wa kupandikizwa mnamnyima chakula, mnataka nini hasa.

Gari la wagonjwa lilitupeleka Mwanza, Goreti, Skola na mimi. Nyakanazi tulisimama kutia mafuta. Njia panda ilikuwa imejaa mabasi yaliyobeba wakimbizi kuelekea kambi za Kibondo, na pembeni akina mama lishe wanakaanga chipsi na kuku kwa moto mkali. Harufu ikaingia ndani ya gari. Skola, aliyekuwa hata kichwa hawezi kuinua, akasema, Baba, nanusa kuku. Nilishuka nikamwambia mama lishe wa karibu kwamba kuna mtoto ndani haruhusiwi kula. Sikumwomba kitu, nilitaka tu mtu mwingine alijue. Akalifunika karai lake kwa sinia, akaliburuta jiko mpaka upande wa pili wa kibanda, na wateja waliolalamika akawaambia wangoje. Ndugu zangu, rehema ndogo zipo. Huwa hazizidi sinia.

Mwanza walimpitishia mpira puani, wakamwekea dripu mikono yote miwili. Baadhi ya dawa za figo zikaingia kwa mshipa, nyingine kwa mpira, na moja wakaiondoa kabisa. Daktari, mama mfupi mwenye sauti ya chini, alisema huenda hiyo ndiyo iliyolichokoza kongosho. Dawa iliyolinda figo yangu ndiyo iliyomlaza mtoto. Nilitembea na neno hilo korido nzima, sikupata pa kuliweka. Tumbo lake lilikuwa limekaza kama ngozi ya ngoma. Yale mashavu yaliyosifiwa Mugoma yaliyeyuka, macho yakawa makubwa, na mifupa ya mabega ikachomoza. Siku tulizijua kwa chupa za dripu, na asubuhi kwa mtu wa maabara aliyekuja kumtoa damu kabla hajaamka vizuri. Midomo tuliruhusiwa kuilowesha kwa pamba tu. Goreti aliilowesha. Mimi sikuweza, kwa sababu aliinyonya ile pamba.

Jumapili moja mama yangu akatokea mlangoni. Amekuja kwa basi kutoka Ngara na mdogo wangu Laurenti, amevaa kitenge cha misa, mkononi kikapu kidogo chenye mfuniko. Sikuhitaji kuambiwa kilichomo. Ilikuwa zamu ya Skola kuganura, na wote nyumbani walikuwa wanangoja habari. Goreti alipiga goti akamwamkia. Mama akajibu marahaba bila kumtazama.

Hapo mimi nikakumbuka kwamba chupa ya chai haina maji ya moto, nikaenda kuyatafuta. Wanaume wa ukoo wetu tuna kipaji hicho. Mama akipingwa, sisi tunakuwa na kazi nje. Niliporudi, mambo yalikuwa yameshachacha. Goreti alikuwa amesimama kati ya kitanda na kikapu, na mama ameketi, amenyooka, anasema taratibu kwa Kihangaza, jambo ambalo kwake ni baya kuliko kelele.

Alikuwa anasema kwamba tonge ni dogo kama punje ya harage, haliwezi kumdhuru mtu. Kwamba daktari hamjui mtoto huyu. Kisha akasema, "Nyinyi ni watu wa kuja. Mliacha mavuno shambani mkakimbia, ndiyo maana wewe unaona kurukwa ni kitu kidogo."

Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kusikia neno hilo likitamkwa wazi. Laurenti aliangalia sakafu. Goreti hakulia, na hakupaza sauti.

"Mama, kwetu tuliwawekea waliobaki ng'ambo," alisema. "Hatukujua kama wako hai. Baba yangu aliweka tonge lao kila mavuno mpaka anaingia kaburini. Hakumruka mtu."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani, ambao hata Kihangaza hawakijui, waligeuka kututazama. Ndipo Skola akafungua macho. Sauti yake ilikuwa nyembamba kwa sababu ya mpira.

"Bibi, usinipe. Niwekee."

Mama akafunga mfuniko wa kikapu, akaukandamiza kwa viganja, akasimama. Alimgusa Skola unyayo, mahali pekee pasipokuwa na waya wala plasta. Hakumuaga Goreti. Kesho yake alfajiri walipanda basi kurudi, na lile tonge likarudi nalo likiwa zima.

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo alipona. Hakupona. Maumivu yalipopungua, walijaribu kumpa uji mwepesi, vijiko vichache, tukafurahi kama tumeona mwezi wa sikukuu. Jioni yake alikuwa tena magotini, paji la uso kwenye mto. Homa ikapanda. Wakarudi kwenye njaa na dripu, tukaanza upya, na safari hii vipimo vya figo navyo vikaanza kwenda kombo. Daktari alituita kwenye chumba kidogo chenye viti viwili. Nikajua, maana habari njema hutolewa kando ya kitanda. Akasema mwili unapigana sehemu mbili, kongosho na figo, na hawezi kutuahidi lolote. Niliweka mkono kwenye kovu langu. Lilikuwa limepona vizuri na nililichukia kwa kupona.

Ni siku hizo Laurenti alipopiga simu. Alinizungusha kwanza, akauliza hali ya hewa ya Mwanza. Kisha akaeleza. Mama amefunga kihenge. Boma zima linakula muhogo na kisamvu, mahindi ya zamani yamekwisha, mke wake ananyonyesha, watoto wanapita chini ya mtama wanautazama. Bungo, wale wadudu wa nafaka, wameshaingia, ukipita karibu unasikia wanatafuna. Majirani wanauliza kama tumeingia dini mpya. Yeye hawezi kumwambia mama, lakini mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, neno langu lina uzito.

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za wodi. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuogopa tena kitu. Nikamwambia, "Mwambie mama agawe. Kuleni."

Alielewa nilichosema. Nami nilikielewa. Watoto wake walikuwa na njaa ya kweli, na mimi nilikuwa nimeshaanza kichwani kupanga mbao. Ndiyo, mbao. Mimi ni seremala, nilijua kipimo chake bila kutaka kukijua. Goreti alikuwa nyuma yangu ngazi moja na alisikia kila kitu. Hakunigombeza. Alikaa chini pale pale, akajifunika uso kwa khanga.

Simu ikaita tena kabla hatujarudi ndani. Alikuwa mama mwenyewe, ambaye simu huishika mbali na sikio kama kitu cha kuuma. Aliuliza nani amenituma niseme vile. Nikaanza kumweleza vipimo, figo, maneno ya daktari. Akanikata.

"Wewe umechoka," alisema. "Nipe mama wa mtoto."

Nikampa Goreti. Mama husema kwa nguvu, kwa hiyo nilisikia.

"Mtoto yupo?"

"Yupo, mama."

"Basi tunangoja."

Akakata. Goreti aliendelea kuishika simu sikioni. Hayo ndiyo maneno ya kwanza wawili hao kusemezana tangu siku ya kikapu, na sijui kama kuna padri angeweza kuwapatanisha kwa machache kuliko hayo. Alisimama, akanyoosha khanga yake, akaniambia twende ndani, chupa ya dripu itakuwa inaisha. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyetuongoza. Nami, kila nilipoanza kupima mbao, nilijikumbusha kwamba huko Mugoma kuna watu wanakula kisamvu kwa sababu mtoto yupo.

Kupona hakukuja na tarumbeta. Homa ilishuka. Tumbo lililegea, likaanza kunguruma, na daktari alipoweka sikio alitabasamu, mara ya kwanza kumwona akitabasamu. Walimlisha kwa mpira kwanza, tone kwa tone. Siku alipopewa maji kwa kijiko, Skola aliyaweka mdomoni akayazungusha, hakuyameza mpaka yakapata joto. Akasema yana utamu. Vipimo vya figo viliteremka, ingawa havikurudi vilipokuwa. Havijarudi mpaka leo.

Tulirudi nyumbani mvua za kwanza zikiwa zimeanza kugonga vumbi. Nyakanazi nilimtafuta mama lishe wa sinia nikamwonyesha mtoto dirishani. Aliuliza kama sasa anaruhusiwa. Nikamwambia maji tu njiani. Akampungia kwa mwiko.

Bomani walikuwa wote wamekusanyika, wamekonda kidogo, nami nikaona haya kuwatazama watoto wa Laurenti. Skola naye alikuwa amekonda kiasi kwamba mdogo wao alimkimbia. Mama hakukumbatia mtu. Alimwita Goreti jikoni, wakakaa huko wawili, mlango umefungwa. Nilisikia jiwe la kusagia, nikasikia Goreti akieleza masharti ya daktari, hakuna mafuta, hakuna maziwa ya mtindi, kidogo sana, na mama akiyarudia moja moja.

Walitoka na ugali mweusi, mdogo kuliko miaka mingine, maana bungo walikuwa wameshaharibu mwingi. Watu wakaketi kama desturi, mkubwa kwanza. Lakini mama aliwapita wakubwa wote, akanipita na mimi, akaenda kuchuchumaa mbele ya Skola. Akamega tonge la ukubwa wa punje ya harage. Kisha akageuka akampa Goreti alikague. Goreti akatikisa kichwa kukubali, mama akaliweka kwenye kiganja cha mtoto.

Skola alilitafuna polepole, kama alivyofundishwa. Wote tulikuwa tunamwangalia tumbo, hata watoto, kana kwamba lingesema kitu. Ninyi mlio kwenye jambo hili mjue kwamba kuangalia huko hakuishi. Bado naamka nikamtazame amelalaje, na nikimkuta magotini mwili unanifa ganzi mpaka anaposema anatafuta tu ndala yake chini ya kitanda.

Alimeza. Akangoja. Akakunja uso.

"Bibi, mtama una wadudu."

"Unao," mama akasema. "Ni hao tu waliokula kabla yako."

Kisha akaanza kutugawia wengine.